Harufu ya Bangi: Mbegu, Mahali na Mkono wa Mtu

Kiswahili kimejaliwa vitenzi viwili mahali ambapo lugha nyingi hutosheka na kimoja. Asmini na udi hunukia. Mzoga na maji yaliyooza hunuka. Tofauti kati ya maneno hayo ni irabu moja tu, lakini irabu hiyo ni hukumu: asemaye kwamba kitu chanukia amekwisha kukipenda, na asemaye kwamba chanuka amekwisha kukitenga. Juu ya vitenzi hivyo yako majina ya harufu mahsusi: shombo la samaki, kikwapa cha jasho, uvundo wa nguo iliyokunjwa mbichi. Pua ya Mswahili imezoea kupambanua, na lugha yake imeuhifadhi upambanuzi huo.

Uko mmea mmoja ambao hukumu yake haijatulia hata leo, nao ni mbangi. Jirani apitapo penye moshi wake husema bangi yanuka. Mvutaji husema yanukia. Na askari atoapo ushahidi mahakamani husema tu kwamba harufu ilisikika. Watu hao watatu wanasema juu ya kitu kimoja. Katika makala hii nakusudia kueleza harufu hiyo hutoka wapi, ni mambo gani huifanya iwe ya ndimu au ya udongo, kali au laini, na kwa njia gani wanadamu walipata kuijua siri yake. Sikusudii kuupamba mmea huu wala kuutetea. Kuulima na kuutumia ni makosa kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 na kwa sheria ya Kenya ya mwaka 1994. Walakini jambo lililokatazwa si jambo lisilo na historia, na mwanachuoni aogopaye kuuliza huwaachia wengine kazi ya kujibu.

Jina lenyewe ni msafiri. Neno bangi ni ndugu wa bhanga la Kisanskriti, ambalo limo katika Atharvaveda. Lilipita katika Kiajemi likawa bang, na likafika pwani yetu kwa njia ileile ya pepo za musimu iliyoleta nguo za Gujarati na shanga za rangi. Mmea ulitangulia jina hilo kwa miaka mingi. Utafiti wa urithi wa mimea uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watu wa Asia ya Mashariki walianza kuufuga mbangi yapata miaka 12,000 iliyopita. Katika milima ya Pamir, magharibi mwa Uchina, wachimbuzi walifukua vyetezo vya mbao katika makaburi ya miaka kama 2,500 iliyopita, na uchunguzi wa mwaka 2019 ulikuta ndani yake mabaki ya bangi iliyofukizwa juu ya mawe ya moto. Hapa Afrika, vichwa vya viko vilivyopatikana katika pango la Lalibela nchini Ethiopia, vyenye masalio ya mmea huo, vimepimwa kuwa vya karne ya 14. Mwaka 1609 padre Mreno João dos Santos alichapisha kitabu ambamo alieleza kwamba watu wa kusini mashariki ya Afrika walikuwa na desturi ya kuila. Basi yamkini mmea huu ulikwisha kuwa mwenyeji katika bara letu kabla ya Mzungu wa kwanza kuuliza habari zake.

Mashahidi wa kale waligawanyika juu ya harufu kama tunavyogawanyika sisi. Herodotus, mwanahistoria Myunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alisimulia jinsi Wasikithi walivyojifungia katika hema, wakatupa mbegu za bangi juu ya mawe yaliyopata moto, na kupiga kelele za furaha kwa mvuke uliopanda. Kwa macho yake, hapakuwa na hamamu ya Kiyunani iliyoweza kushindana nao. Dioscorides, tabibu wa karne ya 1 baada ya Kristo, aliuona mmea huohuo akaandika kwamba majani yake yana harufu mbaya. Mmoja alitazama nyuso za watu waliofukizwa. Wa pili alisimama shambani akachuma jani. Tangu hapo jambo moja lastahili kuangaliwa: harufu ya mbangi shambani, harufu ya bangi kavu na harufu ya moshi wake ni harufu tatu, na wengi wa wale waliobishana hawakuwa wakinusa kitu kimoja.

Swali la chanzo cha tofauti hizo liliulizwa kwa umbo la elimu katika karne ya 18. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi aliupa mmea jina la Cannabis sativa, akauhesabu kuwa ni wa aina moja. Mwaka 1785 Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck alipata mimea iliyoletwa kutoka Bara Hindi, akasema kwamba hii ni aina ya pili, akaiita Cannabis indica. Miongoni mwa dalili alizozitaja ilikuwamo harufu: mmea wa Kihindi, alisema, una harufu kali inayofanana kidogo na ya tumbaku. Kwa hiyo pua iliketi pamoja na jicho katika baraza la kuainisha mimea. Ubishi ulioanzishwa na Lamarck ulikuwa huu: je, mbangi wa India wanuka hivyo kwa kuwa ni ukoo mwingine, au kwa kuwa umekulia chini ya jua jingine? Wengine walishika mbegu, kwa hoja kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Wengine walishika mahali, wakasema kwamba kitani cha Ulaya kikipandwa katika joto kitageuka. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka mia mbili, na pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki.

Walioujua ukweli mapema zaidi hawakuwa katika vyuo vya Ulaya. Walikuwa wakulima wa Bengali. Mwaka 1893, baada ya swali kuulizwa katika Bunge la Uingereza, Serikali ya Uhindi iliunda tume ya kuchunguza matumizi ya bangi katika nchi hiyo. Tume ilisikiliza mashahidi zaidi ya 1,000, na taarifa yake ya mwaka 1894 ikajaza majuzuu 7. Wengi huikumbuka kwa neno lake la mwisho, kwamba matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa na kwamba kupiga marufuku kabisa si hekima. Mimi naona thamani yake nyingine, nayo ni kwamba iliandika ujuzi wa watu ambao hawakuwa wakiandika.

Tume iliwakuta watu wa India wakitenga vitu vitatu ambavyo sisi twaviita kwa jina moja. Bhang yalikuwa majani. Ganja ilikuwa vichwa vya maua ya mmea jike. Charas ulikuwa ulimbo wenyewe, uliokusanywa ukawa kama nta, na sehemu kubwa yake ililetwa Punjab kutoka Yarkand kwa misafara iliyovuka milima kupitia Leh. Ganja iliyosifiwa kuliko nyingine katika Bengali ililimwa katika eneo dogo la Naogaon, upande wa Rajshahi, ambako leo ni Bangladesh. Serikali iliruhusu kilimo hicho mahali hapo tu, ikatoza ushuru wake. Mkulima alichagua ardhi iliyoinuka isiyotuamisha maji, akaitia samadi ya ng'ombe na mashudu ya mbegu za mafuta. Mbegu ziliatikwa mwezi wa Agosti, miche ikahamishwa mwezi wa Septemba katika matuta. Ilipofika Novemba aliitwa fundi maalumu, jina lake poddar. Fundi huyu alipita matuta yote, mche baada ya mche, akivunja kila mmea dume kabla haujafungua maua yake. Jicho lake lilitambua dume wakati ambapo mwenye shamba mwenyewe hakuona tofauti. Alipwa ujira wake kwa sababu moja: dume mmoja aliyeachwa angaliweza kuzijaza mbegu mimea ya shamba zima, na ganja yenye mbegu ilikuwa duni.

Baada ya mavuno yalifuata matengenezo, nayo yalikuwa ya namna mbili kuu. Katika namna ya kwanza vichwa vya maua vilipangwa kwa duara, watu wakavikanyaga kwa miguu, wakavianika na kuvikanyaga tena mpaka ulimbo ukavishikamanisha kuwa bapa. Katika namna ya pili vilifingirishwa chini ya nyayo hata vikawa vya mviringo. Shamba moja, mbegu moja, jua moja. Lakini sokoni ganja bapa na ganja ya mviringo zilikuwa bidhaa mbili, na kila moja ilikuwa na wanunuzi wake. Basi poddar na wenziwe walikwisha kupata jibu ambalo wanachuoni walikuwa bado wakilitafuta: si mbegu peke yake wala mahali peke yake, kuna na mkono wa mtu.

Tuache shamba tuingie maabara. Mwaka 1857 mkemia Mfaransa Personne aliukeneka mbangi akapata mafuta mepesi yarukayo hewani, akayapa jina. Mwaka 1896 Wood, Spivey na Easterfield wa Cambridge waliupasua ulimbo wa charas kwa moto na kwa vyombo vyao, wakatenga sehemu kadhaa. Sehemu mbili zilikuwa za jamii ya terpini, yaani mafuta ya harufu kama yale ya misonobari na ya maganda ya machungwa. Nyingine ilikuwa mafuta mekundu mazito, ambayo ndiyo yaliyobeba ulevi. Huu ulikuwa utengano wa maana kubwa kuliko walivyoutangaza. Harufu ilikuwa katika chupa moja na ulevi katika chupa nyingine. Mwaka 1942 Simonsen na Todd waliyachunguza mafuta ya hashishi ya Misri, wakayakuta yana humuleni, kitu ambacho jina lake limetoka katika hopsi, mmea unaotiwa katika bia, ambao ni wa ukoo mmoja na mbangi. Kisha mwaka 1964 Gaoni na Mechoulam wa Rehovot walikitenga kiini cha ulevi, tetrahidrokanabinoli, wakaeleza muundo wake. Kiini hicho karibu hakina harufu kabisa.

Neno hilo la mwisho lataka kusomwa mara mbili. Kitu kinacholevya katika bangi hakinuki wala hakinukii. Kinachonuka hakilevyi. Viwili hivi huishi katika nyumba moja, lakini hakuna hata kimoja kiwezacho kumshuhudia mwenziwe kikamilifu.

Nyumba yao ni vinyweleo vidogo vyenye vichwa vya duara, ambavyo hufunika maua ya mmea jike na majani madogo yaliyoyazunguka. Ndani ya kila kichwa mna tezi, na ndani ya tezi mmea hujenga harufu zake kama mwashi ajengavyo kwa matofali ya kipimo kimoja. Tofali ni kipande chenye atomu 5 za kaboni. Vikiungwa viwili hupatikana terpini nyepesi zenye kaboni 10, ambazo huruka upesi na kufika puani kwanza. Vikiungwa vitatu hupatikana terpini nzito zenye kaboni 15, ambazo hukawia. Mmea haukujenga haya kwa ajili yetu. Umo katika kujilinda na wadudu na ukungu, na kwa hiyo huweka silaha zake mahali penye kitu cha thamani, yaani penye ua. Ndiyo maana kazi ya poddar ilikuwa na tija: jike asiyepata mbegu huendelea kutoa maua na ulimbo, kama mlinzi aongezaye silaha kwa kuwa vita havijaisha.

Sasa na tuzihesabu harufu zenyewe, na msomaji wa pwani atajikuta nyumbani. Mirseni, ambayo mara nyingi ndiyo iliyo nyingi katika bangi, imo katika mchaichai. Limoneni imo katika ganda la chungwa. Pineni imo katika msonobari na katika ubani unaofukizwa arusini na matangani. Linalooli imo katika mrehani, ule ambao wanawake wetu huuchanganya na asmini katika vikuba. Kariofileni imo katika pilipili manga na katika karafuu. Jina la hii ya mwisho limetoka katika jina la karafuu la Kiyunani, karyophyllon, ambalo wanaisimu wengi hulilinganisha na qaranful la Kiarabu, mama wa neno letu karafuu. Kwa hiyo mkemia atajapo kariofileni ya bangi anataja, pasipo kujua, mti wa Unguja na Pemba. Mwaka 2008 wataalamu wa Uswisi na wenzao walionyesha kwamba kariofileni hushikana mwilini na kipokezi kimojawapo kati ya viwili vinavyopokea viini vya bangi, lakini si kile kinacholeta ulevi. Mpishi wa pilau amekuwa akiila siku zote, na hakuna aliyemwona akipepesuka.

Hata hivyo ubani, mrehani, mchaichai na karafuu zikichanganywa hazitoi ile harufu kali ambayo kwayo bangi hujulikana ng'ambo ya ukuta. Wamarekani huifananisha na ya mnyama wao aitwaye skunk, ambaye kwa tabia ni jamaa wa kicheche wetu. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba terpini ndizo zenye lawama. Mwaka 2021 wakemia wa California walionyesha kwamba lawama ni ya vitu vingine, vyenye salfa, ambavyo vimo kwa kiasi kidogo mno na bado pua huvisikia. Umbo lao lina ujamaa na vile vya kitunguu saumu. Waliona pia kwamba vitu hivyo huongezeka katika majuma ya mwisho ya maua, hufikia kilele wakati bangi inapokaushwa na kuivishwa, kisha hupungua sana ikisha kuwekwa ghalani. Mwaka 2023 walirudi na habari nyingine: harufu za matunda ya nchi za joto, na zile za vyakula vikali, hutokana na vitu vichache vya namna hiyo visivyokuwa terpini. Kwa hiyo mimea miwili yenye terpini karibu sawa yaweza kuwa na harufu mbili mbalimbali kabisa.

Baada ya kuvijua vitu, tunaweza kuurudia ubishi wa Lamarck tukapima kila upande.

Kwanza ni mbegu. Mwaka 2011 wataalamu wa Kanada waliusoma urithi wa mbangi kwa ukamilifu wake wa mara ya kwanza, na mwaka 2017 wenzao wa Vancouver walieleza jamii nzima ya vimeng'enya vinavyojenga terpini. Kila kimeng'enya ni fundi mwenye kazi yake, na ukoo wa mmea ndio uamuao ni mafundi gani watakaoajiriwa. Mmea usiopewa fundi wa limoneni hautanukia ndimu hata ukipandwa katikati ya bustani ya ndimu. Kwa upande huu walioshika mbegu wana haki.

Pili ni mahali. Mwaka 2023 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Columbia walilinganisha mimea ya urithi mmoja, mingine iliyokuzwa ndani ya nyumba kwa taa na mingine nje chini ya jua na katika udongo wenye uhai. Iliyokuzwa nje ilikuwa na terpini nzito zaidi, na kariofileni na humuleni zilikuwamo. Mafundi ni walewale, lakini kazi waliyoagizwa iliongezeka. Jua, baridi ya usiku, kiu ya ukame na meno ya wadudu huuamrisha mmea kujenga kingine zaidi na kingine kidogo. Mahali hapaumbi harufu mpya. Hupunguza na kuzidisha ile iliyomo katika mbegu, kama mpiga tari akazavyo au alegezavyo pigo la ngoma ileile.

Tatu ni mkono wa mtu, na hapa hesabu zaonekana wazi. Katika Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1996 Ross na ElSohly walipima mafuta ya maua mabichi, kisha wakayapima yalipokauka. Baada ya juma moja karibu theluthi ya mafuta ilikuwa imepotea, na baada ya miezi mitatu zaidi ya nusu. Zilizotangulia kuondoka ni zile nyepesi, za ndimu na ubani. Zilizobaki kwa wingi ni zile nzito, za viungo na udongo. Mvunaji aliyekausha upesi juani na aliyekausha polepole kivulini wametoka shamba moja na watafika sokoni na harufu mbili. Watu wa Naogaon walikwisha kujua.

Kuna na jambo la nne, ambalo historia hulionyesha kuliko maabara, nalo ni jina. Siku hizi wauzaji wa nchi zilizoruhusu bangi hutumia maneno ya Linnaeus na Lamarck, sativa na indica, kana kwamba ni koo mbili. Mwaka 2021 wachunguzi wa Kanada na Uholanzi waliilinganisha mimea yenye majina hayo wakakuta kwamba jina haliendi pamoja na ukoo. Liliendana zaidi na terpini chache: palipo na mirseni nyingi, watu walielekea kuuita mmea indica. Yaani mkulima alinusa, akahukumu, na hukumu ya pua ikavaa joho la elimu ya mimea. Hayo si mageni kwetu tulio na kunuka na kunukia.

Mfano mmoja waonyesha jinsi mambo hayo yote yanavyokutana, na jinsi yanavyoweza kupotea. Katika milima ya Rif, kaskazini ya Moroko, wakulima walikuwa na mbangi wao waliouita beldiya, maana yake wa nchi. Ulizoea mvua za huko, ukavumilia ukame, ukapandwa bila kumwagiliwa sana. Katika miaka ya 1960 palianza kuenea desturi ya kuchekecha mmea mkavu ili kupata hashishi ya kupelekwa Ulaya. Soko likakua, na katika miaka ya 2000 ikaingia mbegu ya kigeni iliyochanganywa, ikaitwa khardala. Hii ilitoa ulimbo mwingi kuliko beldiya, lakini ilidai maji mengi katika nchi yenye visima vinavyokauka. Mlima ulikuwa uleule na jua lilikuwa lilelile, lakini mafundi ndani ya mbegu walibadilishwa, na hashishi ya Rif ikawa si ile. Moroko ilitunga sheria mwaka 2021 ya kuruhusu kilimo kwa dawa na viwanda, na mwaka 2024 wakulima wenye leseni wakaruhusiwa kuipanda tena beldiya. Mbegu ilirudi kwa sababu wazee wachache walikuwa bado wameiweka. Lau wasingeiweka, hapana sheria ambayo ingaliweza kuifufua.

Huenda msomaji akauliza habari hizi zatuhusu nini sisi ambao sheria zetu zimekataza. Naona zatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni haki. Mwaka 1973 wataalamu wa Ujerumani, Stahl na Kunde, walitangaza kwamba mbwa wa polisi waliofunzwa kutafuta hashishi huongozwa na kitu kitokanacho na kariofileni iliyokutana na hewa. Mbwa, basi, hakutambua ulevi. Alitambua jamaa wa karafuu na pilipili manga. Hatusemi kwamba hukosea kila mara. Twasema kwamba anayoyajua ni harufu, na harufu si kiini. Marekani iliporuhusu mwaka 2018 kilimo cha mbangi wenye kiini cha ulevi kisichozidi sehemu 0.3 kwa mia, mmea halali na mmea haramu ikawa na harufu moja, na mahakama zikalazimika kufikiri upya. Mahakama Kuu ya Massachusetts mwaka 2011, na ile ya Illinois mwaka 2024, ziliamua, kila moja kwa sheria za jimbo lake, kwamba harufu ya bangi iliyochomwa haitoshi peke yake kuhalalisha upekuzi. Sheria za kwetu ni mbali na zao, lakini kanuni ya akili ni moja. Kijana asimamishwaye njiani kwa sababu ya harufu ya nguo zake amestahili apimwe kwa elimu, asihukumiwe kwa pua. Moshi wa mtu mwingine hushika shati lake kama ulivyomshika mwenyewe.

Ya pili ni maarifa. Tume ya mwaka 1893 iliweza kumwandika poddar kwa sababu poddar aliweza kusema bila kukimbia. Katika nchi zetu shamba linapogunduliwa hufyekwa na kuchomwa, na hiyo ni kazi ya sheria, siitilii shaka. Lakini pamoja na mmea huteketea na mbegu zilizokaa katika udongo wetu kwa karne nyingi, na pamoja na mbegu hunyamaza maneno: majina ambayo watu wa mahali waliyatolea harufu, dalili za kukomaa, tofauti ya jani na ua, dawa za mifugo, makatazo na miiko. Kamusi zetu zina bangi na mbangi, na baada ya hapo hazina mengi. Neno moja limebebeshwa mzigo ambao India iliugawa kwa matatu, bhang, ganja na charas, na hivyo hata hakimu, tabibu na mwalimu wazungumzapo hawana hakika kama wanasema juu ya jani, ua au ulimbo.

Taasisi za utafiti zilizo na idhini zaweza kuhifadhi mbegu bila mtu yeyote kuvuta, kama zinavyohifadhi mimea mingine yenye sumu. Wanafunzi wa lugha na historia waweza kukusanya maneno kutoka kwa wazee bila kuuliza shamba liko wapi wala la nani. Kazi hiyo haihitaji kubadilisha sheria hata moja. Yahitaji kutambua kwamba harufu imejengwa na mbegu, imekuzwa na mahali na imetengenezwa na mkono wa mtu, na kwamba katika vitatu hivyo mkono ndio ufao kwanza. Poddar wa Naogaon ametuachia jina lake la kazi kwa kuwa karani mmoja alikuwa na subira ya kumsikiliza. Wenziwe wa huku kwetu wangali hai wachache, na hapana karani aliyewaendea.